Pointi ya Hamsini na Nane

Majirani wa mtaa wa Mabela wanaomjua Suud watakwambia ni mtu mpole, hana makuu, mtu ambaye akirudi kazini mchana hufunga mlango wa gari taratibu asije akamwamsha mtoto wa nyumba ya pili. Yote ni kweli. Ila majirani hao hawajawahi kumwona mbele ya jedwali. Mwekee Suud jedwali lenye jina lake, upole wote humwisha, na macho yake hayatulii mpaka yamejiona yako safu ya ngapi.

Jedwali lenyewe ni la hoki ya barafu. Ndiyo, barafu, na ni Maskat hii hii, ambapo mwezi wa sita ukiacha ndara nje ya mlango huzivai tena mpaka uzimwagie maji. Kuna ukumbi mmoja mjini ambamo barafu hugandishwa kwa mashine mwaka mzima, na juu ya barafu hiyo watu sita kwa sita, miguuni wamevaa viatu vyenye makali, hukimbizana na kisahani cheusi cha mpira mgumu kwa fimbo zilizopinda ncha. Suud aliichezea Oman miaka kumi na moja, mpaka goti likakataa. Mechi arubaini na sita, pointi hamsini na saba. Mtu mwenye akili zake angetundika viatu ukutani, akanenepa kwa amani. Yeye akahamia kwenye meza ya waandishi, pembeni mwa barafu, akawa ndiye anayeandika karatasi ya mechi na kutunza takwimu zote za timu ya taifa, za wanaume na za wanawake.

Pointi zenyewe hazina ugumu. Mfungaji wa bao hupata moja. Aliyempa pasi hupata moja. Na aliyempa pasi huyo mtoa pasi naye hupata moja, mradi katikati mpinzani hakukimiliki kisahani. Hiyo "mradi" tafadhali ikumbuke, maana ndiyo iliyomfedhehesha mtu wetu.

Sasa, pointi hamsini na saba za Suud zilikuwa juu kabisa, na si kwa kufunga mabao tu. Mwaka mmoja yeye na mwenzake Majid walifungana, arubaini kwa arubaini. Wengine wangeacha majina yakae ubavu kwa ubavu. Suud hakupata usingizi mpaka alipoiandikia kompyuta kanuni: watu wakilingana pointi, anatangulia aliyecheza mechi chache. Yeye alikuwa amecheza chache. Kamati ikaipitisha kanuni, Majid akawekwa wa pili, akanuna wiki nzima. Msimu uliofuata Suud alimwacha mbali, na tokea hapo hakuna aliyemkaribia, hata akaisahau kanuni yake kama mtu anavyosahau mwavuli nyumbani kwa watu.

Kisha wanawake wakaunda timu. Katika mashindano yao ya kwanza ya Ghuba walifungwa tisa kwa moja, kumi na mbili kwa sifuri, na saba kwa mbili. Walipomaliza, wenye pointi walikuwa watatu tu. Suud akasimama mbele ya kamati akasema ni aibu kutundika jedwali la watu watatu, afadhali wanaume na wanawake tuwaweke pamoja, sote ni Oman moja. Watu wakamsifu kwa moyo wake. Moyo alikuwa nao, sikatai. Lakini pia alikuwa amekwisha piga hesabu kwamba mtu aliye juu ya majina arubaini na matatu anapendeza kuliko aliye juu ya majina arubaini.

Mmoja katika wale watatu alikuwa mkewe, Nasriya, mwalimu wa kemia katika skuli ya wasichana. Suud ndiye aliyemfundisha kuteleza, wakati wa uchumba wao, mama yake Nasriya akiwa amekaa kwenye viti vya watazamaji kajitanda shali mbili na kuwasimamia kwa jicho kali. Siku ya kwanza Nasriya alianguka mara kumi na nne. Suud alizihesabu, maana hata mapenzi yake yalikuwa na takwimu. Na siku Nasriya alipopata pointi yake ya kwanza, pasi ya bao dhidi ya Kuwait, Suud alisimama juu ya kiti cha meza ya waandishi akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka, siku mbili akawa anazungumza kwa ishara.

Hapo Nasriya alikuwa na moja, na yeye hamsini na saba. Ni rahisi kumshangilia mtu aliye mbali nawe.

Alipofika ishirini, Suud alisimama, hakupanda kiti. Alipofika thelathini na tatu, alipiga makofi akiwa amekaa. Arubaini na tano, alitikisa kichwa kama anayemkubalia mwanafunzi. Hamsini, akajifanya kalamu imemwanguka chini ya meza, akaitafuta huko mpaka shangwe zikaisha.

Gere ilimwingia kidogo kidogo. Siku moja walikwenda Qurum kunywa kahawa karibu na bahari, wasichana wanne wakawajia mbio, nyuso zimechangamka. Suud akajiweka sawa, akapangusa midomo. Mmoja wao akampa simu. "Ammi, tafadhali, tupige picha na Kapteni Nasriya." Akawapiga. Akawakata vichwa, akaambiwa arudie, akawapiga tena.

Nyumbani kwa mkwewe, Ijumaa baada ya sala, pilau ilikuwa haijafika nusu yule bibi akauliza, "Suud, mwanangu, Nasriya kabakisha ngapi kukufikia?"

"Sita, mama."

"Si nyingi hizo, mashaallah. Ongeza nyama, baba, mbona huli?"

Kazini nako hakukuwa na nafuu. Suud ni karani katika Bandari ya Sultan Qaboos, yeye hupanga ratiba za meli za watalii, ipi ifunge gati lipi na saa ngapi. Pale kuna Mkenya mmoja, Otieno, msimamizi wa mabasi ya wageni, mtu wa mizaha ambaye hoki ya barafu hakuwahi kuiona ila kwenye simu ya Suud. Kila asubuhi aliingiza kichwa mlangoni.

"Bosi, madam amebakisha ngapi?"

"Nne."

"Wee! Hiyo rekodi yako inaenda, walai. Mimi bibi yangu akinishinda hata karata, siku hiyo naenda kulala kwa ndugu yangu."

Suud alicheka jino pembe, na Otieno alipoondoka akafungua jedwali. Alilifungua mara ngapi kwa siku, mwenyewe hajui, na hapo ndipo pekee takwimu zilipomshinda. Jina lake juu. Jina la mkewe chini yake, linapanda. Aliliangalia lile jina ambalo kwa mapenzi aliwahi kuliandika kwa kidole kwenye kioo cha gari chenye vumbi, na roho ikamuuma. Aliona haya kwa kuumwa roho, na haya haikumpunguzia chochote.

Akaanza kutafuta hoja. Mabao ya wanawake si sawa na ya wanaume, alijiambia. Magolikipa wao bado wanajifunza. Mechi zao zimekuwa nyingi. Hilo la mwisho lilikuwa uongo mtupu, Nasriya alikuwa na mechi thelathini na nne tu, na karatasi zote thelathini na nne aliziandika Suud kwa mkono wake. Hatimaye akaipelekea kamati pendekezo kwamba sasa wakati umefika wa kuwapa wanawake jedwali lao wenyewe, kwa heshima yao. Mwenyekiti wa kamati, kwa bahati mbaya, alikuwa Majid.

Majid alilisoma pendekezo, akavua miwani. "Yakhe, si wewe uliyeyaunganisha?"

"Nliyaunganisha kwa sababu walikuwa watatu."

"Na sasa mmoja kakukaribia." Majid akacheka mpaka akashika mbavu. "Hapana, Suud. Litabaki moja. Sote ni Oman moja."

Maneno hayo yalimfika Nasriya, maana Maskat ni mji mkubwa wa barabara na mdogo wa maneno. Jioni ile alikuwa anapika mchuzi, mgongo kampa.

"Ati umetaka kututenganisha?"

"Kwenye jedwali tu, habibti."

"Haya," alisema Nasriya, na akaendelea kukoroga. Suud angependelea kutukanwa.

Nisimwonee mtu. Hakumwombea mkewe aumie hata siku moja. Alimwombea ukame tu: kisahani kigonge mwamba, golikipa awe hodari, pasi imfikie mtu mwingine. Mara moja alijikuta kwenye mswala, mikono kainyanyua, hilo hasa ndilo analomwomba Mungu. Akaishusha mikono. Akakaa pale kitambo, hajui aombe nini badala yake.

Mashindano ya Ghuba ya mwaka huu yalichezwa Maskat, ya wanaume na ya wanawake wiki moja. Wanaume walimaliza Ijumaa wakiwa wa nne, wamefungwa sita kwa mbili na Kuwait katika mechi ya mwisho. Wanawake wakabakiwa na mechi moja, Jumamosi saa tisa alasiri, kugombea nafasi ya tatu na Bahrain. Nasriya aliingia kwenye barafu akiwa na pointi hamsini na sita.

Ukumbi ulijaa. Walikuwepo wanafunzi wake wa kemia na mabango, mama yake na shali zake mbili, hata Otieno alikuja, kavaa koti la manyoya la kuazima, anatetemeka kama yuko kwenye friji. Suud alikaa mahali pake, karatasi mbele, video upande wa kulia, na upande wa kushoto Osama, kijana wa saa, ambaye kazi yake ni kuisimamisha na kuiendesha saa ya mchezo na hana nafasi ya kuangalia kingine.

Dakika ya tisa Nasriya alimnyang'anya mpinzani kisahani katikati, akampita mlinzi, akampita wa pili, akakipeleka juu kulia ambako golikipa alikuwa hajafika. Ukumbi ukalipuka. Mwamuzi akaja mezani. "Kumi na moja, peke yake." Suud akaandika namba ya mkewe. Kalamu ikatoboa karatasi. Hamsini na saba. Tuko sawa, alijiambia. Sawa kwa sawa si mbaya. Watu wataona mume na mke, watasema tazama nyumba ile. Aling'ang'ania neno hilo, sawa, dakika arubaini na tano nzima, wakati Bahrain wanarudisha moja, Oman wanaongeza moja, Bahrain wanarudisha tena.

Kipindi cha tatu, cha mwisho, zimebaki dakika sita, mbili kwa mbili. Nasriya alikuwa ubavuni kushoto. Akamwona mwenzake Aseel anafunguka, akampelekea kisahani mbele ya pua ya mlinzi wa Bahrain. Mlinzi akanyoosha fimbo. Kisahani kikaiparuza ncha ya fimbo, hakikusimama wala hakikugeuka, kikamfikia Aseel. Aseel kwa Ibtihal, msichana mdogo wa timu, miaka kumi na minane. Ibtihal akafunga. Tatu kwa mbili.

Kelele zilikuwa hazisemeki. Mwamuzi akainama juu ya meza. "Bao, tisa. Pasi, kumi na saba. Pasi ya pili iangalie mwenyewe kwenye video, mimi nlizibwa."

Ndivyo kazi inavyokwenda. Pasi ya pili huachiwa mwandishi, kwa kuwa ndiye mwenye video na ndiye anayeaminiwa. Suud akairudisha picha nyuma. Akaiona. Akairudisha tena, polepole. Kisahani kinaiparuza fimbo ya mlinzi, kinapita. Waandishi wapya alikuwa akiwafundisha mwenyewe, kila msimu, kwa maneno yale yale: kugusa si kumiliki. Hata mtoto angeamua. Pasi ya pili ilikuwa ya namba kumi na moja.

Akaiangalia mara ya tatu. Safari hii hakuwa anamwangalia mlinzi, alikuwa anamwangalia Nasriya, namna alivyotoa pasi bila hata kutazama, kwa wepesi ambao Suud katika miaka kumi na moja hakuwahi kuupata. Hapo ndipo palipomkata maini. Si pointi. Mkewe alimzidi kweli.

Akaandika tisa. Akaandika kumi na saba. Kwenye kisanduku cha tatu akapiga mstari.

"Ya pili hakuna?" aliuliza Osama, jicho liko kwenye saa.

"Mlinzi alikimiliki."

"Haya." Na saa ikaendelea.

Mwakani ataipata tu, Suud alijiambia. Atapata kumi. Mimi nimejipa mwaka mmoja wa kuwa sawa naye, kuna dhambi gani?

Mechi ikaisha tatu kwa mbili. Wasichana wakarukiana, wakaangukiana, wakalia. Na baada ya hapo, kama ilivyo desturi, makapteni wakaja mezani kusaini. Karatasi ya mechi ikishasainiwa imefungwa. Kabla ya saini, kapteni ana haki ya kuuliza lolote, na video hurudishwa mbele yake.

Kapteni wa Bahrain akasaini bila kusoma, macho mekundu. Kisha akaja Nasriya. Kofia ngumu kwapani, hijabu ya michezo imeloa jasho, uso unawaka. Yeye alisoma. Suud ndiye aliyemfunza, usisaini usichosoma. Kidole chake kikashuka mstari kwa mstari, bao la kwanza, adhabu, bao la pili, mpaka kikafika kwenye kile kisanduku. Kikasimama.

Akainua uso akamtazama mumewe. Suud alikuwa anapanga kalamu zake, nyeusi upande huu, nyekundu upande huu.

"Umeshamaliza kuandika?" aliuliza Nasriya.

"Nimemaliza."

"Hakuna la kuongeza?"

Kalamu nyekundu ikamponyoka. Akaiokota. "Hakuna."

Nasriya alikaa na kalamu mkononi muda ambao kwa Suud ulikuwa mrefu kuliko mechi. Kisha akasaini, jina lake zima, kwa herufi nzuri za mwalimu.

Wakatandaza zulia jekundu juu ya barafu kwa ajili ya zawadi. Majid akashika kipaza sauti, akawataja hawa na wale, medali zikavishwa. Halafu akakohoa, na Suud akakijua kile kikohozi, ni cha mtu aliyekuwa akiingojea siku hiyo miaka mingi.

"Na sasa, mabibi na mabwana, tutazame jedwali la timu ya taifa la tokea mwanzo mpaka leo."

Skrini kubwa ikawaka. Safu ya kwanza: Nasriya, mechi thelathini na nane, pointi hamsini na saba. Safu ya pili: Suud, mechi arubaini na sita, pointi hamsini na saba.

Suud alifikiri ni kosa. Akanyanyuka nusu. Ndipo ile kanuni iliyosahaulika ikamrudia, neno kwa neno, kwa sauti yake mwenyewe.

"Wamelingana pointi," alisema Majid, furaha imemjaa shavuni, "lakini anatangulia aliyecheza mechi chache. Kanuni hiyo aliiandika Suud mwenyewe, na kamati inamshukuru!"

Watu wakacheka, cheko la mapenzi, wakampigia makofi. Otieno akapiga mbinja. Suud akainua mkono, akatabasamu, na ndani alikuwa amekwisha. Mahali pake alikuwa amepapoteza tokea dakika ya tisa, tokea lile bao la kwanza. Ule mstari aliopiga haukumlindia kitu. Alimwibia mkewe bure, na huyo mkewe alikuwa amesimama pembeni mwa Majid na medali shingoni, anamwangalia yeye Suud tu.

Safari ya kurudi Mabela ni nusu saa kama barabara haikufunga. Jua lilikuwa bado liko, linawapiga usoni, na Nasriya alikuwa amevua viatu ameweka miguu juu ya mkoba wake.

"Pasi ya Ibtihal," alisema walipofika nusu ya njia. "Uliiona?"

Suud angeweza kusema video haikuwa safi. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. "Niliiona."

"Na mie niliiona. Nlikuwepo."

"Mbona ulisaini?"

"Nlikuwa nakungoja, Suud. Kalamu nliishika kusudi. Nikasema atasema sasa hivi, huyu namjua, atasema. Nikakuuliza mara mbili." Akaangalia nje. "Jedwali nlijua nishakupita. Mie kanuni zako nazisoma. Sikuwa nangoja pointi."

Suud akapunguza mwendo.

"Unakumbuka ile ya kwanza?" Nasriya akaendelea. "Ya Kuwait. Ulipiga kelele mpaka sauti ikakukauka. Wallahi mie tokea siku ile nacheza niisikie tena ile kelele. Nikipata ishirini, nakutazama. Nikipata hamsini, nakutazama. We uko chini ya meza unatafuta kalamu."

"Nlikuwa naona gere," alisema Suud. Alilisema moja kwa moja, kwa mara ya kwanza, na likatoka jepesi kuliko alivyodhani. "Naona gere mpaka nashindwa kula kwa mama yako."

"Najua. Mama naye anajua. Kwani unafikiri kwa nini anakuongezea nyama?"

Waliingia uwanjani mwa nyumba. Nasriya alishuka na mikoba yake yote, hakumwachia hata mmoja abebe.

Karatasi iliyosainiwa imefungwa, lakini si kwa kufuli. Kuna fomu ya kusahihisha, ambayo hupokewa mpaka saa sita mchana wa siku ya pili. Mwandishi peke yake ndiye anayeweza kuipeleka, na fomu hiyo hupitiwa na mwenyekiti kisha hubandikwa ubaoni pale ukumbini mwezi mzima, kila mchezaji na mzazi aisome. Aliyeyapanga yote hayo ni Suud, zamani, ili waandishi wazembe waone haya.

Jumapili asubuhi, dirishani meli nyeupe ya watalii inafunga gati na Otieno yuko chini anawapigia madereva wake kelele, Suud alijaza fomu hiyo. Namba ya mechi. Bao la tano. Iongezwe pasi ya pili, namba kumi na moja. Kikabaki kipengele cha mwisho: sababu ya kosa. Akaandika: picha haikuonekana vizuri. Akasoma. Akafuta. Akaandika: haraka ya kazi. Akafuta. Akamfikiria Majid anavua miwani. Akawafikiria wale wasichana wa Qurum wamesimama mbele ya ubao. Saa tano na nusu aliandika neno moja, akapeleka kabla mkono haujabadili nia.

Simu ililia baada ya dakika kumi.

"Suud," alisema Majid. Hakuwa anacheka. "Nimeipata fomu. Video nimeiangalia, iko wazi, pasi ni yake. Lakini hapa kwenye sababu umeandika wivu."

"Ndiyo."

"Niandike haraka ya kazi? Hakuna atakayejua."

Suud alishika meza. Hilo lilikuwa jambo la ukarimu, tena kutoka kwa Majid, na alilitamani kwa roho yake yote. "Iache kama ilivyo."

"Itakaa ubaoni mwezi mzima, yakhe."

"Najua. Nliupanga mwenyewe huo mwezi."

"Na ile kanuni ya mechi chache," alisema Majid, kwa sauti nyingine, "ungeiandikia sababu hii hii enzi zile, ningekusamehe siku ile ile."

Saa nane mchana Suud alirudi Mabela. Nasriya alikuwa amekwisha kurudi kutoka skuli, yuko uani anaanika sare ya jana. Mikono ya jezi ilikuwa inachuruzika maji. Suud alifungua jedwali kwenye simu akiwa bado mlangoni mwa gari, na lilikuwa limekwisha badilika. Nasriya pale juu, peke yake, hakuna tena haja ya kanuni. Gere ikampanda, ile ile, haikupungua hata tone. Alikuwa ametegemea kwamba itaondoka.

"Ngapi?" aliuliza Nasriya, bila kugeuka.

"Hamsini na nane."

"Sikusikia."

Alijua nyumba ya pili ni saa ya mtoto kulala. Akavuta pumzi, akapanda juu ya kizingiti cha mlango wa gari, goti bovu likamlalamikia.

"Hamsini na nane!" alipiga kelele. "Nasriya! Hamsini na nane!" Akarudia mara ya tatu, mikono juu, mpaka sauti ikampasuka katikati ya jina. Nasriya aligeuka, jezi mkononi, maji yanamdondokea miguuni. Na upande wa pili wa ukuta mtoto wa jirani akaamka, akaanza kulia.